Kigezo cha Kumsikiliza Mteja

Shangazi aliingia ofisini bila hodi, mkasi bado mkononi. Mtu yeyote aliyemwona akikatiza uwanja wa chuo kwa mwendo ule angedhani anakwenda kukata mtu.

"Nani kaniandikia 'Bado'?"

Binti Jukwaa aliinuka nusu kwenye kiti chake. "Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Nani kaniandikia 'Bado'?"

Binti Jukwaa hakuzaliwa na jina hilo. Alikuwa na jina zuri tu la nyumbani, lakini tangu chuo cha ufundi kilipoacha kuandika alama kwenye karatasi na kuzihamishia kwenye jukwaa la mtandaoni, na yeye akaajiriwa kulitunza, jina lake la kweli lilipotea kama sindano kwenye zulia. Mwalimu wa uchomeleaji alimwita Binti Jukwaa. Mpishi wa chuo alimwita Binti Jukwaa. Mwalimu wa mabomba, aliyesahau nywila yake kila alipolala, alikuwa akisema "Binti Jukwaa, habari za asubuhi, nimesahau tena" kwa pumzi moja. Alikuwa binti mpole mno, mwenye kusema kwa sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa chumba cha pili. Kompyuta ilimfaa. Haikuwahi kumwambia ongeza sauti.

Sasa aligeuza kioo cha kompyuta ili Shangazi aone.

"Hakuna aliyekuandikia, Shangazi. Jukwaa linajumlisha lenyewe. Ona. Kila kozi ina vigezo, na kila kigezo kina kisanduku chake. Ukikifikia kinakuwa kijani. Kama hujakifikia kinabaki chekundu."

"Mimi naona kijani kitupu hapo. Kama shamba baada ya mvua."

Ilikuwa kweli. Kuchora mkato, kijani. Kutia zipu isiyoonekana, kijani. Kupachika kola, kijani. Kulinganisha mistari ya kitambaa kwenye mshono, jambo lililowaliza wanafunzi wenzake wote, kijani kilichoiva. Vigezo vya daraja la Vizuri alikuwa amevimaliza, na vya daraja la Bora pia. Lakini chini kabisa, miongoni mwa vile vya kuanzia, vya mtu aliyeshika uzi jana, kisanduku kimoja kilikuwa kimeiva kwa wekundu.

"Soma," alisema Shangazi. "Miwani nimeiacha."

Binti Jukwaa alisoma kwa sauti ndogo. "Anamsikiliza mteja hadi amalize, bila kumkatiza, kisha anarudia maelekezo kabla ya—"

"Ahaa! Hicho ni kigezo cha ushonaji au cha ndoa?"

"—kabla ya kushika mkasi."

Wote wawili waliutazama mkasi. Shangazi aliuweka mezani.

"Zamani," alisema, "mtu ukikosa swali moja, unapata tisini na kitu, unakwenda nyumbani unakula. Si wanipe hizo tisini na kitu?"

"Hapa hakuna tisini, Shangazi. Ni umefikia au bado. Na kigezo cha chini kikiwa chekundu, vya juu havihesabiwi. Hata ukishona suti ya rais."

Shangazi alikaa. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, bega lake moja lilishuka, na Binti Jukwaa, aliyemjua mwanamke huyu tangu yeye mwenyewe hajaota meno, alijiona mwenye hatia. Maana ni yeye aliyemwingiza kwenye kozi hii. Shangazi ndiye aliyemlea, akishona barazani huku mtoto amekaa chini ya meza ya cherehani akichezea vipande vya vitambaa. Mtoto alipokua akapata kazi na chumba chake, baraza ilibaki na Shangazi na cherehani. "Nimechoka kuongea na chuma," alimwambia siku moja, kwa mzaha, lakini haukuwa mzaha. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na karakana ya sare za shule, chumba kikubwa chenye mafundi wengi na kelele nyingi, na ilikuwa ikitafuta msimamizi wa chumba cha kushonea. Ilimtaka mtu aliyeimaliza kozi hii kwa daraja kamili. Matokeo yangefungwa Ijumaa, baada ya mhakiki kutoka nje kuyapitia, na Jumatatu mkuu wa karakana angeyasoma.

"Mwanangu," Shangazi alisema, akishusha sauti hadi ikawa ya mtu wa kawaida, "si wewe ndiye mwenye funguo zote za humu ndani?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Basi bonyeza. Kiwe kijani. Nani atajua?"

"Jukwaa linaandika aliyebonyeza ni nani, na lini."

"Lina umbea hilo."

"Na mimi nitajua." Alisema hivyo akitazama kibao cha herufi, kwa sababu kidole chake kweli kilikuwa kimeanza safari.

Shangazi aliuchukua mkasi wake mezani. "Nilikosea malezi," alisema hatimaye. "Niliambiwa mlee vizuri, nikazidisha."

*

Mwalimu wa ushonaji alikuwa mtu laini kama pamba. Wekundu ulimwumiza. Aliwahi kumpa kijani mwanafunzi aliyeshona mkono wa shati mahali pa kola, akaeleza kwamba wazo lilikuwa jipya. Kwa hiyo Binti Jukwaa alipokwenda kumwuliza kuhusu kisanduku cha Shangazi, alitarajia aone haya na kukibadilisha. Badala yake mwalimu alikunja mikono kifuani.

"Hapo siwezi. Mteja nilikuwa mimi."

"Wewe mwenyewe, Mwalimu?"

"Nilimpelekea suruali yangu aipanue kiuno. Nikasema, 'Fundi, nataka,' basi, sikupata nafasi ya pili. Akaniambia tatizo si suruali, tatizo ni soda. Akaniuliza naishi na nani na anapika na mafuta gani. Darasa zima linasikia." Alifuta paji la uso. "Binti Jukwaa, nimeacha soda. Lakini suruali bado inanibana."

Walikubaliana kwamba Shangazi apewe nafasi nyingine. Atafute mteja mwenyewe, ajirekodi kwa simu bila kukata popote, apakie video kwenye jukwaa kama ushahidi.

Mteja wa kwanza alikuwa mlinzi wa geti. Binti Jukwaa aliifungua video ile ofisini, peke yake, akiwa amefunga mlango. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye cherehani. Mlinzi alionekana amesimama wima, kofia mkononi, suruali ya kazi imekunjwa mkononi kama mtoto mchanga.

"Fundi, habari za kazi. Nimeleta hii suruali, nataka—"

"Unataka kuipunguza urefu."

"Hapana, nilikuwa nataka—"

"Basi kiuno. Nimekuona ukifungua geti, mkono mmoja kwenye geti, mmoja kwenye suruali. Siku ukifukuza mwizi utamfukuza uchi."

"Fundi, zipu—"

"Zipu nzima hii! Nani anakufulia?"

"Mke wangu."

"Mwambie asianike juani. Rangi imekwisha magotini. Au unapiga magoti kazini? Unalinda au unasali?"

Mlinzi aligeuka akaitazama simu moja kwa moja, kama mtu aliyeshikwa mateka anayewaomba jamaa zake waharakishe.

"Mama," alisema taratibu, "nilitaka uniwekee zipu kwenye mfuko. Simu yangu inadondoka."

Shangazi aliigeuza suruali, akautazama mfuko.

"Sasa," alisema Shangazi, "kwa nini hukusema tangu mwanzo?"

Binti Jukwaa alicheka hadi akaweka kichwa mezani. Kisha akakumbuka Ijumaa, akaacha kucheka.

Jioni alikwenda barazani kwa Shangazi kumwonyesha. Shangazi aliitazama video yake mwenyewe mikono kiunoni, akikubaliana na kila alilosema. "Sasa hapo nimekosea nini? Suruali ilikuwa inamshuka kweli."

"Hukumwacha amalize."

"Anachelewa! Mtu anasema 'nataka' halafu anakaa. Mimi nifanye nini na hiyo nafasi? Niitazame tu?"

"Ndiyo, Shangazi. Uitazame tu."

Shangazi alimtazama kana kwamba ameambiwa aitazame nyumba ikiungua.

Kwanza alijaribu kumwomba mtoto wa jirani amkatie maneno yake kwenye video. Ikatokea video ya mlinzi amesimama peke yake akijibu hewa, suruali ikiruka kutoka mkono hadi meza bila mtu kuigusa. Mwalimu wa ushonaji aliitazama akashika moyo. Haikupakiwa.

Lakini Alhamisi asubuhi ikaja video nyingine.

Mteja safari hii alikuwa mpishi wa chuo, naye alikuwa mwanamke wa maneno. Akianza kueleza jinsi ya kupika maharage, maharage hupoa. Alikuwa amepanda juu ya kigoda, amevaa gauni lake la kuvaa kwenye mahafali ya bintiye, na Shangazi amepiga magoti chini akipanga pindo. Mpishi alieleza. Alieleza urefu anaoutaka na sababu ya kuutaka, viatu atakavyovaa, mama mkwe atakayekuwepo na gauni ambalo mama mkwe yule aliwahi kulisema vibaya. Na Shangazi alinyamaza! Kila mpishi alipotua, Shangazi alisema "Mm." Kulikuwa na "Mm" ya kukubali, "Mm" ya kuuliza, na mama mkwe alipotajwa ikatoka "Mmmmm" ndefu yenye huzuni na dharau kwa pamoja. Mpishi alipomaliza, Shangazi akasimama, akajifuta goti, akarudia maelekezo yote bila kuacha kitu, hadi kimo cha kisigino.

Binti Jukwaa aliitazama akilengwa na machozi. Mwalimu wa ushonaji aliitazama mara moja, akabonyeza kijani kwa haraka ya mtu anayelipa deni la dhamiri. Pale juu ya ukurasa, palipokuwa pameandikwa BADO, pakageuka. BORA.

Shangazi alipopigiwa simu hakusema kitu, akakata. Baadaye ilijulikana kwamba alikata ili apate kuwapigia wengine. Hadi mchana, mtaa mzima ulijua kwamba yeye ni Bora, na kwamba kompyuta yenyewe ndiyo iliyosema.

*

Mhakiki aliyekuja Ijumaa alikuwa mama mfupi, mtulivu, mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba, na neno moja tu alilolitumia kwa kila jambo. Alionyeshwa darasa la useremala, akasema, "Nimeona." Mwalimu wa mabomba akamweleza kwa nini alama zake zote bado hazijaingizwa, na jinsi nywila zilivyo na uadui naye binafsi. "Nimeona," alisema mhakiki, na mwalimu wa mabomba akatoka akatafute pa kukaa.

Kisha akakaa karibu na Binti Jukwaa, akapitia wanafunzi wa ushonaji. Akasimama kwenye jina moja.

"Huyu. Juzi Bado, jana Bora. Amerukaje?"

Mwalimu wa ushonaji, aliyekuwa amesimama nyuma yao, alieleza kwa fahari. Mhakiki akavaa miwani, akafungua video ya mpishi. Aliitazama yote, hata mama mkwe hakumruka. Kisha akairudisha nyuma, akaisimamisha mahali ambapo uso wa Shangazi ulionekana vizuri.

"Hivi ni nini?"

Binti Jukwaa alisogeza uso kwenye kioo. Midomo ya Shangazi ilikuwa imebana, na kati yake, zimejipanga kama meno ya samaki, vichwa vikielekea nje, zilikuwa pini. Alipokuwa akisema "Mm" ziliinuka na kushuka zote pamoja. Alizichomoa moja moja kwenda kwenye pindo, na ya mwisho ilitoka pale pale mpishi alipofika mwisho wa habari.

Hakuna aliyeziona kwa sababu zilikuwa mahali pake. Hakukuwa na fundi ambaye wao wamewahi kumwona bila pini mdomoni. Asingekuwa nazo ndipo wangeshtuka, kama vile angekuwa hana miguu.

"Kigezo cha usalama kinasemaje?" aliuliza mhakiki.

Binti Jukwaa alikijua kwa moyo, maana yeye ndiye aliyevipiga chapa vyote. "Hahifadhi pini wala sindano mdomoni wakati wowote wa kazi."

"Na nani alikiweka kijani?"

Mwalimu wa ushonaji aliinua mkono, kama mwanafunzi.

Mhakiki alibonyeza. Kisanduku cha usalama kikawa chekundu. Kisha akabonyeza kile kingine, cha kumsikiliza mteja, nacho kikarudi chekundu. "Mtu aliyezibwa mdomo hajasikiliza," alisema. "Amezibwa mdomo."

BADO, likasema jukwaa.

Shangazi aliitwa. Alikuja amevaa gauni lake jipya kabisa, kwa kuwa alidhani anaitwa apongezwe, na kumwona hivyo kulimwumiza Binti Jukwaa kuliko rangi zote zile. Mhakiki alimweleza kwa upole.

"Lakini mdomoni ndiko zinakokaa!" alisema Shangazi. "Tangu nianze kazi hii zinakaa humu. Sijawahi kumeza hata moja!"

"Nimeona."

"Umeona nini? Hujaona! Muulize huyu, nimemlea, aliwahi kuniona nikimeza pini?"

"Mama, huko karakana utasimamia wasichana wengi," alisema mhakiki. "Watakuiga. Mmoja atacheka, mmoja atapiga chafya."

Shangazi alifungua mdomo, akaufunga. Hilo hakuwa amelifikiria, ilionekana wazi. 

"Nafunga matokeo kabla ya chakula cha mchana," aliendelea mhakiki. "Nitakuona mara moja, hapa, kwa macho yangu. Mdomo mtupu. Mteja halisi, nguo anayoihitaji kweli. Sitaki maigizo."

*

Kupata mteja kukawa shughuli. Mlinzi alisema hawezi kuacha geti, ingawa geti lilikuwa limefungwa kwa kufuli na ufunguo anao mfukoni, mfuko ule ule mpya wenye zipu. Mpishi alikuwa na sufuria motoni. Wanafunzi wa ushonaji, walipogeukiwa, wote waliinamia cherehani zao kwa bidii ambayo haikuwahi kuonekana chuoni. Mwalimu alisema yeye ameshapimwa na inatosha.

Shangazi alisimama katikati ya darasa la ushonaji, futi ya kupimia shingoni, kimto cha kuchomekea pini kimefungwa kwenye kifundo cha mkono. Hakuna aliyemtazama usoni. "Jamani," alisema, "mimi si chui."

Hapo Binti Jukwaa akasikia sauti ndogo ikisema, "Mimi." Ilimchukua muda kutambua kwamba ni yake.

Mhakiki aligeuka. "Wewe ndiye mtunza jukwaa."

"Sitabonyeza chochote. Utabonyeza wewe." Masikio yake yalikuwa yanawaka moto. Wanafunzi wote sasa walikuwa wameinua vichwa.

"Kuna nguo unayoihitaji kweli?"

Lilikuwa swali jepesi, na Binti Jukwaa alikuwa amejiandaa kusema foronya. Foronya ni kitu kifupi. Haina maelezo, haina mahali pa kukatizwa. Lakini mhakiki alikuwa amemkazia yale macho yanayoona, na Shangazi naye anajua ana foronya ngapi, kwa sababu ndiye aliyezishona zote.

Ndiye aliyeshona kila kitu. Katika maisha yake yote Binti Jukwaa hakuwahi kuvaa nguo aliyoiomba. Shangazi alikuwa akiamua, akikata, akishona, akileta, na yeye akisema, "Asante, Shangazi, nzuri sana." Hata blauzi aliyovaa siku ile ilikuwa na mikono iliyovimba kama mito miwili, na shingoni kitambaa kilichofungwa mfano wa kipepeo, kipepeo mkubwa, aliyeshiba.

"Ipo," alisema.

Akakaa. Shangazi akakaa mbele yake, magoti yao yakakaribiana. Mhakiki akashika kompyuta mpakato mapajani.

"Karibu, mteja," alisema Shangazi. Sauti ilikuwa ya mtu anayevuka daraja la kamba.

"Nataka blauzi," alisema Binti Jukwaa. "Nyeupe. Iwe na mikono…"

Akakwama. Kila mtu chumbani aliiona nafasi ile. Ilikuwa pana kiasi cha kupitisha lori. Mkono wa Shangazi ulipanda wenyewe hadi mdomoni kutafuta pini, haukuzikuta, ukashuka ukakishika kimto cha pini na kukiminya.

"…mikono ya kawaida. Inayolala."

Nyusi za Shangazi zilipanda.

"Na shingoni kusiwe na… hiki." Aligusa kipepeo. "Nikiinama kula, chenyewe kinatangulia kwenye sahani."

Mwanafunzi mmoja aliguna kwa kicheko, akajifanya anakohoa. Shangazi alivuta pumzi. Kifua kilijaa, kikajaa tena, mwalimu wa ushonaji akafumba macho kama mtu anayengoja puto lipasuke. Pumzi ikatoka puani, polepole, yote, bila neno.

"Iwe na mfuko. Na niweze kupita mlango wa ofisini bila kugeuka upande." Sasa alikuwa anayatazama magoti yao. Alidhani amefika mwisho, lakini kulikuwa na kitu kingine nyuma yake, kilichokuwa kimengoja miaka mingi zamu yake ya kusema. Alikaa kimya muda mrefu kabla hakijatoka. Shangazi naye aliketi, akaitazama nafasi ile, akaitazama tu.

"Si kwamba nguo zako ni mbaya," alisema Binti Jukwaa. "Watu wananisimamisha barabarani, wananiuliza fundi wako nani. Ndiyo shida yenyewe. Wananisimamisha. Wanaanza kuongea, na mimi sijui niwajibu nini. Nataka nguo ambayo… ambayo inakaa kimya na mimi." Akavuta pumzi. "Nimemaliza."

Cherehani zote zilikuwa zimesimama.

"Umemaliza kweli?" aliuliza Shangazi. "Nisije nikaingilia."

"Kweli."

"Mteja," alianza Shangazi, na sauti ilikwaruza akalazimika kuanza upya. "Mteja ameomba blauzi nyeupe. Mikono ya kulala. Shingo wazi, isiyokula kabla yake. Mfuko mmoja. Upana wa mabega usizidi mlango. Nguo isiyomwita mtu barabarani." Alikitazama kipepeo. "Na mteja amekuwa akisema 'nzuri sana' miaka yote hii, na haikuwa nzuri."

"Hilo sikulisema, Shangazi."

"Ulilisema. Nimesikia."

Mhakiki alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi yake, akaivaa tena. "Nimeona," alisema, na safari hii lilitoka kama neno jingine kabisa. Kidole chake kikagusa kompyuta mara mbili.

"Kimekuwa kijani?" aliuliza Shangazi bila kugeuka.

"Kijani."

"Na cha pini?"

"Nacho. Umepata Bora, mama. Hongera."

"Haviwezi kurudi tena nyuma?"

"Nikishafunga, haviwezi." Akabonyeza. "Nimefunga."

"Asante." Shangazi akavuta kiti, akakiweka sawa, akamgeukia mpwa wake. "Haya! Sasa wewe mtoto! Miaka yote hiyo mdomo unao! Unadhani kipepeo nilikitia kwa raha zangu? Ulikuwa huonekani! Unaingia chumbani watu wanakukalia! Mgeni mmoja alikukalia kweli, kwenye kochi, nikasikia tu kitu kinalia chini yake! Nikasema, huyu mtoto hasemi, basi nguo imsemee, mikono ivimbe, shingo ichanue, mtu akija akuone kabla hajakaa! Nikadhani nakusaidia, kumbe nakutesa!" Alijifuta jicho kwa ncha ya futi ya kupimia, kwa hasira, akaendelea bila kupumua. "Nitakushonea hiyo ya kulala. Nitakushonea mbili. Ila mfuko wa kifuani sikutii, utakufanya uonekane karani wa posta, mfuko utakaa—"

"Pembeni," alisema Binti Jukwaa.

Mwalimu wa ushonaji alidondosha chaki. Hakuna aliyekumbuka kuwahi kuona Shangazi akikatizwa. Shangazi mwenyewe alibaki mdomo wazi, neno lake lililokatwa likiwa bado limekaa ulimini.

"Umenikatiza," alisema.

"Samahani, Shangazi."

"Samahani ya nini? Endelea!" Alikuwa ameshaivuta futi kutoka shingoni na kupiga goti mbele yake, na uso wote ulikuwa umechanua. "Pembeni wapi? Kulia au kushoto?"

Binti Jukwaa alifikiria. Alichukua muda wake. Mhakiki, aliyekuwa ameshafunga mkoba na kusimama aende zake, alikaa tena ili asikie.